Boga Lenye Jina

Iwapo inajuzu kwa mwanadamu kukitwaa chakula, ambacho Mola amekiumba kiliwe, akakifanya pambo la kutazamwa, ni swali linaloonekana dogo mbele ya mtu aliyeshiba, lakini ndani yake mna masuala makubwa ya maumbile na shukrani, na ya mpaka wa mamlaka yetu juu ya vitu tusivyoviumba. Huko Marekani, kila mwaka unapokaribia usiku wa tarehe 31 Oktoba, maboga huchongwa macho, pua na meno, yakatiwa mshumaa ndani na kupangwa vibarazani, na mengine hupakwa rangi ili kuyapamba majira ya kupukutika majani. Na tangu baadhi ya mahoteli na shule za Nairobi zilipoanza kuifuata desturi hiyo, wahubiri wetu wameilaani mimbarini kuwa ni ibada ya mashetani. Mimi swali hili limenijia kwa njia nyingine kabisa, katika nchi ya mahindi iliyoko kati ya Bungoma na Kitale, chini ya Mlima Elgon, ambako majira ya kupukutika majani hayajulikani, na ambako aghalabu ya watu hawajapata kuliona boga lililochongwa uso.

Bungoma iko chini kidogo, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale iko juu zaidi, yapata mita 1,900. Kwa hiyo Bungoma hutangulia kuvuna na Kitale hufuata, mahindi yake yakikatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani yakauke, hadi Novemba au hata Desemba. Kati ya mistari ya mahindi hayo hutambaa mmea wa boga, ambao majani yake, seveve, huliwa miezi mingi kabla ya tunda kukomaa, na ambao hakuna mkulima mwanamume autiaye katika hesabu ya mavuno yake, ingawa mkewe anajua kila tunda lilipolala. Mavuno yakishaingia ghalani, makanisa huwa na Jumapili ya shukrani, na mbele ya madhabahu, tangu Jumamosi jioni, akina mama hupanga mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, miwa iliyosimamishwa kama nguzo, mayai kwenye ungo, kuku waliofungwa miguu, na maboga. Na nina yakini kwamba mtu atakayetaka kuliona pambo la mavuno lililo letu wenyewe, lisiloazimwa kwa mtu, hana haja ya kwenda mbali kuliko hapo. Ibada ikiisha, vitu vyote hunadiwa, fedha huingia katika sanduku la kanisa, na pambo lile huondoka mlangoni kipande kipande vichwani mwa watu.

Katika mnada mmoja wa namna hiyo, kwenye kanisa la mashambani nje kidogo ya Bungoma, boga moja lilizusha maneno. Lilikuwa kubwa, la rangi ya kijivu inayokaribia samawati, lenye vumbi jeupe juu ya ganda, na kikonyo chake kilikuwa kimeachwa kirefu kama afanyavyo kila ajuaye kwamba boga lililong'olewa kikonyo huoza upesi. Na ubavuni mwake kulikuwa na jina la mtoto, herufi zake zimeinuka juu ya ganda kama kovu la mtu aliyechanjwa, pana na nyeupe, nyingine zimevutika hadi kupinda. Mkulima yeyote anajua jinsi jambo hilo linavyotokea. Tunda likiwa changa, la kadiri ya ngumi, mtoto huliandika kwa mwiba au kwa ncha ya msumari, utomvu hutoka, mmea huliziba jeraha lake kwa ngozi mpya iliyo ngumu, na kadiri tunda linavyokua ndivyo jina linavyokua pamoja nalo, hata herufi iliyokuwa kama punje ya mtama ikawa ndefu kuliko kidole. Mzee mmoja wa kanisa alilishika boga lile, akamwambia bibi aliyelileta, kwa upole lakini watu wakisikia, "Mama, kitu cha kumpa Mungu hakitiwi kovu." Naye bibi akajibu, "Mzee wangu, mjukuu aliliandika nikamgombeza. Lakini tangu siku ile ni yeye aliyekuwa akiamka kulitazama, na ng'ombe wakiingia shambani ni yeye aliyewafukuza. Hayo mengine yote yaliliwa na panya."

Boga liliuzwa, na sina shaka lilipikwa jioni ile ile. Mimi nilibaki na hoja ya mzee, kwa sababu haikuwa hoja ya kupuuzwa. Torati inamtaka mnyama wa dhabihu awe mkamilifu asiye na ila. Na ingawa malimbuko ya shamba, pale yanapoagizwa yaletwe ndani ya kikapu, hayakutajiwa sharti hilo, moyo wa mzee ulikuwa umeshika jambo la kweli, kwamba kuna namna ya kuweka mkono juu ya neema ambayo ni kuidai iwe yetu. Mtu aandikaye jina lake juu ya kitu asemaje, ikiwa si kwamba kitu hicho ni chake? Na boga, kabla halijaandikwa, lilikuwa la nani?

Sijui mwanachuoni aliyelipima jambo hili kwa mizani nyembamba kuliko Imamu Ghazali, aliyefariki huko Tus mwaka 1111, ambaye katika Ihyau Ulumid-Din aliitengea subira na shukrani kitabu kizima. Shukrani, kwa mujibu wa mafunzo yake, haikomei katika neno la ulimi, bali hutimia kwa kukitumia kila kitu katika ghaya ambayo kwa ajili yake kimeumbwa. Na kinyume chake, kukipotosha kitu na ghaya yake ni kuikufuru neema, hata kama mtendaji hakudhamiria ubaya. Atoa mfano wa dhahabu na fedha, ambazo zimewekwa baina ya watu ziwe hakimu wa thamani za mali zao: mwenye kuzifua zikawa vyombo vya kunywea ni kama aliyemtwaa mtawala wa mji akamtia katika kazi ya kufuma nguo, ilhali udongo na shaba vingemtosha kwa kunywea maji. Kisha ashuka kutoka dhahabu hadi kitu kisicho na thamani sokoni, tawi la mti, akahukumu kwamba anayelivunja bila haja ya haki ameikufuru neema ya mti na neema ya mkono pia, kwa kuwa mti uliumbiwa kufikia ukamilifu wake na mkono haukuumbiwa mchezo wa kuharibu. Nikilisoma hili naona haya kwa matawi mengi.

Kwa kipimo hicho, boga la kibarazani huko Marekani lina kesi nzito. Limekatwa, limetobolewa, limewashwa taa kwa usiku kadhaa, likalainika, likanyauka na kuingia jaani. Lakini mtu mwadilifu hana budi kusikiliza upande wa pili, nao una mambo mawili. La kwanza ni kwamba Imamu mwenyewe amesema bila haja ya haki, wala hakusema bila njaa. Na furaha ya mtoto anayekaa na baba yake jioni nzima wakichonga kitu kwa mikono yao, mimi siwezi kuitoa katika haja za wanadamu, maana nimewaona watoto walioshiba wasiokuwa nayo. La pili ni gumu zaidi. Desturi ile ilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland, ambao kwao walikuwa wakichonga mizizi ya tanipu, na walipofika Marekani wakalikuta boga, ambalo asili yake ni bara lile lile la Amerika na ambalo wenyeji walilianza kulilima yapata miaka 10,000 iliyopita. Na baada ya kulichonga kwa vizazi kadhaa, wakulima wakazalisha maboga yasiyokusudiwa kuliwa kabisa. Aina mojawapo iliyo mashuhuri, iitwayo Howden, iliyotokana na mkulima wa Massachusetts, ina kikonyo kinene cha kushikia, ganda linalosimama vizuri, na nyama ya majimaji isiyo na ladha. Hapo msemaji aweza kuuliza, ikiwa ghaya ya kitu ndiyo kipimo, je, boga hili ghaya yake si kuchongwa? Nani ameikufuru neema kwa kukitumia kitu vile hasa kilivyokusudiwa?

Jibu langu ni kwamba mkulima aweza kuigeuza ladha ya tunda, lakini hawezi kuigeuza asili ya udongo, mvua na miezi iliyoingia ndani yake, ambayo haikuzalishwa na mtu. Ghaya aliyoiweka yeye imekaa juu ya ghaya nyingine iliyo kongwe, wala haikuifuta. Hata hivyo nakiri kuwa kipimo cha ghaya peke yake hakitoshi kulimaliza jambo hili, kwa kuwa kingetufanya tuviulize vitu vina kazi gani, tukaacha kuwauliza watu wanavifanyia nini baada ya kuvipamba. Na huko ndiko ninakotaka kulipeleka swali, kwa msaada wa tunda jingine la ukoo huo huo wa boga, ambalo Kitale inalijua vizuri sana.

Kibuyu hakiliwi, maana nyama yake aghalabu ni chungu. Ukamilifu wake ni kukauka. Asili yake ni Afrika, na wachunguzi wa mambo ya kale wamekikuta Amerika katika athari za miaka ipatayo 10,000, muda mrefu kabla ya jahazi au meli yoyote kuivuka bahari iliyo kati ya bara lile na letu, hivyo kwamba kibuyu chetu kilitangulia kwenda huko kabla boga lao halijatujia. Huachwa juu ya mmea hadi kikonyo kinyauke na ganda litoe mlio wa ubao likigongwa. Hukatwa mdomo, hutiwa maji nyama ya ndani ikaoza, hutiwa changarawe na kutikiswa, maji hubadilishwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Miongoni mwa Wakalenjin, ambao hukiita sotet, huoshwa kwa sosiot, fimbo iliyopondwa ncha ikawa nyuzinyuzi, kisha mkaa wa mti wa senetwet husuguliwa ndani yake kabla ya kutiwa maziwa yatakayogeuka kuwa mursik. Na Wapokoti walioko kaskazini ya Kitale hutumia jivu la mti waitao cromwo, ambalo huyapa maziwa yao rangi ya kijivu na harufu isiyosahaulika. Baada ya hayo yote, na si kabla, huja pambo: ngozi ya kukifunika mdomo, michoro ya chuma cha moto, shanga, na kauri za Bahari ya Hindi ambazo zilipandishwa bara na misafara ya zamani, mwendo wa wiki nyingi kutoka pwani.

Katika soko la Kitale nilimkuta mwanamke mtu mzima, aliyeshuka kutoka upande wa Kapenguria, ana kibuyu kilichopata ufa mrefu kuanzia shingoni. Ufa ule ulikuwa umetobolewa kwa msharasi pande zote mbili, vitundu vidogo vilivyolingana, na kushonwa kwa ukano wa ng'ombe mishono ya karibu karibu, halafu juu ya mishono hiyo hiyo akaongeza safu ya shanga nyekundu na nyeupe. Nikamwuliza, "Mama, mbona shanga umezitia juu ya ufa, wakati upande ule mwingine ni mzima na ndio unaoonekana?" Akanitazama kwa subira. "Mwanangu, hapo ndipo mkono unaposhika. Shanga zikilegea najua uzi umelegea." Nikakishika nami, nikahisi chini ya kidole kwamba maneno yake ni kweli: shanga zilikuwa zimekazwa sawasawa na mishono, hata mtu aliye gizani angeijua afya ya chombo kile kwa kukigusa tu.

Maneno ya mama huyu ndiyo yaliyonifungulia maneno ya yule bibi wa Bungoma. Pambo lake halikuwa kitu kilichozidi juu ya chombo baada ya kazi kwisha. Lilikuwa ni macho aliyoyaweka ili aendelee kukilinda. Na mtoto aliyeliandika boga jina lake, tuseme kwamba alianza kwa kiburi cha kumiliki, kama mzee alivyohofu, lakini jina lile lilimgeukia likamfanya mlinzi, akaamka asubuhi kwa ajili ya tunda ambalo jana yake hakulijua. Nadhani hapa ndipo mahali pa kuiweka hukumu. Kupamba kitu ni kujifunga nacho. Anayekipamba ameichukua amana yake, na atakayekipamba kisha akakitupa ameivunja amana, kiwe chakula au kisiwe, kiwe cha thamani au cha bure. Boga la kibarazani halina hatia kwa kuwa limechongwa. Hatia, kama ipo, ni ya asubuhi ya pili.

Watu wa Bungoma wana urithi mwingine unaolihusu jambo hili, nao ni wa Marafiki, waitwao pia Makweka, ambao wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na dini yao ikaenea hadi nchi ya Wabukusu, Lugulu na kwingineko, hata leo Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Waasisi wa dini hiyo katika Uingereza ya karne ya 17 walikataa mapambo ya nguo na ya nyumba za ibada, wakakataa hata kuadhimisha sikukuu, kwa itikadi kwamba siku zote ni za Mungu na kwamba fahari ya tajiri hulipiwa na maskini. Naiheshimu itikadi hiyo kwa moyo wangu wote, na natamani ingesikika katika harusi zetu za siku hizi. Lakini nikiziangalia ndizi na maboga ya Jumapili ya shukrani mbele ya madhabahu sioni kwamba waasisi wale wangekuwa na la kulaumu, kwa kuwa fahari ile haikununuliwa dukani, haimwaibishi asiyekuwa nacho, na jioni yake imo katika masufuria.

Ama wanaosema kwamba boga lililochongwa ni la mashetani, ningewakumbusha jambo moja lililotokea mwanzoni mwa Uislamu, ambalo limehifadhiwa katika hadithi sahihi. Ujumbe wa kabila la Abdul-Qais ulipomjia Mtume, waliambiwa pamoja na mengine wasiloweke tende katika vibuyu, kwa sababu kinywaji ndani yake hugeuka upesi kikawa kileo. Lakini baadaye katazo la vyombo liliondolewa, likabaki katazo la ulevi wenyewe. Kibuyu hakikuwa na dhambi. Hapa kwetu kibuyu kimoja chaweza kutoka shamba moja na ndugu zake, kimoja kikatiwa maziwa ya mtoto, kingine busaa, na cha tatu, kilicho kidogo, kikawa tunguri mkononi mwa mganga. Na asiyeitofautisha nia na chombo atajikuta anapigana na mimea. Tena Mtume huyo huyo, kwa riwaya ya Anas bin Malik, alikuwa akilifuata mung'unye, tunda la ukoo huo huo, pembezoni mwa sahani, kwa jinsi alivyolipenda, katika karamu ya fundi cherehani mmoja.

Na ukoo huu wa mimea una heshima nyingine kubwa, ambayo Waislamu na Wakristo wa Kitale wanaishiriki. Nabii Yunus alipotemwa ufukweni akiwa dhaifu, Kurani inasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alimwoteshea juu yake mmea wa jamii ya mmung'unye. Na Biblia, ambayo humwita Yona, inausimulia mmea uliomtia kivuli nje ya Ninawi, ukaliwa na buu alfajiri, naye akaghadhibika hata kutaka kufa. Nimelitafakari jibu ambalo Yona alipewa, na kila nikilitafakari naona kwamba hakulaumiwa kwa kuuhurumia mmea asioufanyia kazi wala kuukuza; huruma ile ilishikwa kama ilivyo, ikafanywa kipimo, akaulizwa itakuwaje basi kuhusu mji mkubwa wenye watu wengi na wanyama wengi pia. Maana yake, ninavyofahamu mimi, ni kwamba moyo unaojifunza kusikitika kwa ajili ya mmea mmoja umekwisha kuanza safari, na jambo lililosalia ni kuufikisha.

Kuna kibuyu cha aina moja ambacho bado kinanitaabisha. Kitale ina makumbusho yaliyo ya kale kuliko yote ya bara nje ya Nairobi. Mbegu yake ilikuwa ni mkusanyo wa Luteni Kanali Stoneham, mpenzi wa viumbe, aliyeufungulia jumba mwaka 1926, na baada ya kufa kwake mkusanyo ukaingia mikononi mwa taifa, jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Kibuyu kinachoingia katika nyumba kama hiyo hulindwa kuliko kibuyu chochote, hakipigwi na jua wala hakidondoki, lakini hakitaonja maziwa tena. Je, amana imetimizwa? Upande mmoja wa nafsi yangu unasema kwamba kimeondolewa katika kazi yake kama yule mtawala wa mji katika mfano wa Ghazali. Upande wa pili unasema kwamba binti wa mjini, ambaye nyanya yake alikufa kabla ya kumfundisha, hana mahali pengine pa kuihesabu mishono, na kwamba kumfundisha mtu ni kazi ya chombo kama kubeba maziwa. Naelekea upande wa pili, ila kwa sharti kwamba awepo wa kumwambia binti huyo shanga zilikuwa na kazi gani.

Mwalimu mmoja wa Kitale, aliyeombwa na wazazi awachongee watoto maboga mwezi wa Oktoba, na kukatazwa na wazazi wengine, aliniomba shauri. Nilimwambia asinunue maboga sokoni. Apande na watoto wake mvua za masika zikianza, pembeni mwa bustani ya shule, na matunda yakifika kadiri ya ngumi kila kundi la watoto lichague moja na kuliandika kwa mwiba, si kwa kina, kisha walilinde wao wenyewe dhidi ya panya na mbuzi. Likikomaa, walikate na kikonyo chake, wakwangue nyama yote ipikwe katika jiko la shule na wote waile, mbegu zikaangwe kwa chumvi, nyingine zihifadhiwe. Ganda likibaki zima, na watoto wakataka kulitia macho na mshumaa kwa usiku mmoja, sina hoja ya kuwazuia, wala sidhani kama mzee wa Bungoma angekuwa nayo. Asubuhi wampelekee ng'ombe.